Lipu Pande Zote Mbili

Nilipoanza kazi ya kuchora majengo nilikuwa na miaka ishirini na tisa na mtoto mmoja wa kike, na nilikuwa naishi Ipagala katika nyumba ya vyumba viwili. Ofisi yetu ilikuwa ndogo, ghorofa ya pili, si mbali na stesheni ya zamani ya reli. Alikuwepo bosi, ambaye ndiye msanifu, alikuwepo mkadiriaji wa gharama, na mimi niliyekuwa nakaa kwenye kompyuta kuanzia asubuhi hadi macho yawashe. Kazi hazikutupungukia. Tangu serikali ihamie Dodoma, kila mwenye kiwanja upande wa barabara ya kwenda Mtumba alitaka ghorofa la kupangisha ofisi, na kila aliyetaka ghorofa alitaka na maegesho ya magari chini yake.

Kuchora kwa siku hizi si kupiga mistari kwenye karatasi. Unajenga jengo zima ndani ya kompyuta kabla halijajengwa kiwanjani. Ukiweka ukuta, programu inataka kujua ni ukuta wa aina gani, wa tofali nene au jembamba, wenye lipu upande mmoja au pande zote mbili. Baadaye inahesabu yenyewe matofali na mifuko ya saruji, na hesabu hiyo ndiyo inayokwenda kwa mkandarasi. Kwa hiyo ukikosea kwenye kompyuta, kosa lako halibaki kwenye kompyuta. Hilo nilifundishwa siku ya kwanza, nikaitikia kwa kichwa kama watu wanavyoitikia.

Jengo ninalotaka kulisimulia lilikuwa la mfanyabiashara mmoja, ghorofa sita, na maegesho ya ngazi moja chini ya ardhi. Ghorofa sita hazikunisumbua. Kilichonitoa jasho ni rampu, yaani ile njia ya mteremko ya kuteremshia magari. Ukuta ndani ya programu unapenda kusimama wima, kichwa tambarare na mguu tambarare. Ukiuambia ufuate mteremko unakaidi: huku unatokeza juu ya njia kama bega, kule unaacha pengo la pembetatu ambalo mwanga unapita. Nilihangaika siku tatu. Mwishowe nikajifunza ujanja wa kufuta rampu yote na kuweka sakafu ya kawaida iliyoinamishwa, kisha kuziambia kuta zishike tumbo la sakafu hiyo kutoka chini. Zikashika. Nilifurahi mpaka nikapiga makofi peke yangu.

Programu ina kitu kama kamera. Unaiweka kwenye kimo cha macho ya mtu, kisha unatembea. Nilikuwa nashuka ile rampu kila siku, mara ishirini, mara thelathini, nikitafuta mapengo. Humo ndani hakuna vumbi wala sauti ya hatua. Mwanga unatoka kila upande kwa usawa, hivyo hakuna kivuli cha kitu chochote, na wewe mwenyewe huna mwili. Nikichoka nilikuwa nasahau kufuata njia, nikapenya ukuta, nikatokea upande wa pili bila kuhisi chochote. Mwanzoni nilikuwa nacheka. Baada ya wiki kadhaa nikaanza kuiota ile rampu, na katika ndoto pia sikuwa na miguu.

Chini ya rampu kulibaki nafasi yenye umbo la kabari. Mwisho mmoja ni mrefu, mtu anasimama na kunyoosha mkono. Mwisho mwingine ni mfupi, hata paka angeinama. Nikaizungushia kuta nikasema iwe stoo ya mafagio na ndoo. Nikaweka mlango upande mrefu. Jina la chumba nilisema nitaliandika nikimaliza.

Ijumaa moja alasiri bosi alikuja akainama juu ya bega langu.

"Huu mteremko ni mkali mno," alisema. "Gari dogo litakwangua tumbo. Ulaze kidogo, kisha uchapishe. Nataka michoro yote mezani kabla sijaondoka."

Nikaulaza. Kuta zikavutika zenyewe kuufuata mteremko mpya, na ule ukuta wa mbele ukasogea. Pembeni chini ya kioo ukajitokeza ujumbe, wa rangi ya njano kama kawaida, ukisema mlango haukai tena kwenye ukuta wake na utaondolewa. Ujumbe wa namna ile ulikuwa unakuja mara nyingi kwa siku, na mwingi hauna maana yoyote. Nilibofya "sawa", nikachapisha, nikaenda kumchukua mwanangu kwa mama yangu mdogo.

Ulipita mwaka na zaidi. Jengo likajengwa, likapakwa rangi, wapangaji wakaingia. Mimi sikuwahi kukanyaga pale. Saiti alikuwa anakwenda bosi. Kisha mwezi wa kumi, wakati joto la Dodoma linapokaribia kuunguza lami, simu ikapigwa ofisini. Bosi aliongea kwa ufupi, akaikata, akaniangalia.

"Wanasema kuna kitu kinagonga kwenye maegesho ya chini. Wapangaji wameanza kuegesha juani. Mimi nina kikao Mtumba, nenda wewe. Wewe ndiye unayelijua lile jengo."

Nilifika saa nane na nusu mchana, nikateremka kwa miguu. Nisipolisema hili nitakuwa nimeficha: miguu yangu ilikuwa inajua njia. Nilijua kwamba baada ya kona kutakuwa na nguzo mbili zilizokaribiana kuliko nyingine, na zilikuwepo. Nilijua pale mtu mrefu atakapoinamisha kichwa bila sababu, na mimi ambaye si mrefu nikakiinamisha. Ila sasa kulikuwa na harufu ya mpira na mafuta, kulikuwa na vivuli, na hatua zangu zilikuwa zinanijibu kutoka mbele kabla sijafika. Nilinyoosha mkono nikagusa ukuta. Ulikuwa mgumu na wa baridi, mkono haukupenya. Nilishusha pumzi, kisha nikaona aibu kwamba nilikuwa nimeibana.

Magari yalikuwa matatu tu katika nafasi ya magari arobaini. Mlinzi alikuwa mzee mwembamba mwenye masikio yaliyotobolewa zamani, ndewe zikining'inia. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki kule mbali kabisa, karibu na mahali mwanga wa nje unapoishia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba." Akanitazama usoni, kisha akanisalimia kwa Kigogo. "Mbukwa."

"Mbukwenyi," nilimjibu, naye akatabasamu kidogo kwamba hakukosea kabila.

Nikamweleza nimetoka wapi. Nikamuuliza mbona amekaa huku wakati kibanda chake kiko kule rampu inapoishia.

"Kile kibanda si cha kukaa," alisema. "Subiri. Ikifika saa tisa utasikia mwenyewe."

Tukasubiri. Nilikuwa nasikia mashine ya kupandisha maji ikiwaka na kuzima, na honi barabarani, mbali, kama ziko mji mwingine. Kisha ikaja. *Ngo.* Kimya kirefu. *Ngo, ngo.* Ilikuwa sauti kavu, ya kitu kigumu kwenye kitu kigumu, na ilitoka chini ya rampu, nyuma ya ukuta. Hakuna gari lililokuwa linapita juu. *Ngo.*

Nilisema kwa sauti kubwa kuliko iliyohitajika kwamba inaweza kuwa bomba.

"Nimelinda majengo mengi, mama," alisema mzee bila kubisha. "Mabomba nayajua. Huyu anabisha hodi. Sasa niambie wewe uliyesoma: mtu anayebisha hodi yuko nje, anataka kuingia. Huyu yuko ndani. Anataka nini?"

Nilikwenda hadi kwenye rampu nikaizunguka ile nafasi ya chini yake nikipapasa ukuta kwa kiganja. Ukuta wa kushoto, mzima. Wa kulia, mzima. Nikaja upande mrefu, mbele, mahali nilipojua pana mlango, nao ulikuwa mzima vilevile, umepakwa rangi nyeupe na mstari mwekundu wa kuonya magari. Nikarudi nikazunguka tena, kama mtu aliyepoteza funguo anayerudia kupekua mfuko uleule.

Nilikaa sakafuni nikiuegemea ukuta huo, nikafungua kompyuta yangu ndogo. Modeli ilikuwepo. Mlango haukuwepo. Niliiweka kamera mbele ya ule ukuta mweupe, nikabonyeza kwenda mbele, nikapenya. Humo ndani kulikuwa kweupe na kimya, mwanga sawasawa kila kona, hakuna taa, hakuna kivuli, dari likishuka taratibu mpaka linagusana na sakafu. Nikageuza kamera nyuma ili nione nilikoingilia. Ukuta. Na wakati natazama kile chumba kwenye kioo, chumba chenyewe, upande wa pili wa tofali nililoliegemea, kikagonga.

Niliifunga kompyuta, nikapanda juani karibu nikikimbia.

Kesho yake tulirudi watu kadhaa: bosi, mhandisi, na mafundi wawili wenye nyundo kubwa na tindo. Bosi alikuwa hajaniambia neno tangu nimweleze kuhusu mlango. Mzee mlinzi alisimama nyuma yetu, fimbo mkononi. Tofali la kwanza lilipotoka ikaja hewa ya baridi yenye harufu ya saruji mbichi, kana kwamba jengo lilikuwa limemalizwa jana. Walipopanua tundu, mhandisi akamulika tochi, akasema:

"Njooni muone."

Chumba kilikuwa kimepigwa lipu. Si lipu ya kulipua. Ilikuwa laini kama mkeka mpya, kona zimenyooka, hata kule mwisho ambako mtu lazima alilala kifudifudi ili mwiko ufike. Nilikuwa naona alama za viganja vya mtu mahali alipojishikiza. Mirunda miwili, ile miti iliyoshikilia zege la rampu lilipomwagwa, ilikuwa bado humo. Mmoja umesimama, wa pili umelegea. Na katika ukuta wa kulia kulikuwa na msumari, na kwenye msumari shati limetundikwa. Shati la mwanaume, la mikono mirefu, vifungo vyote vimefungwa mpaka shingoni.

"Hii hapa sauti yenu," alisema mhandisi akiutikisa ule mrunda uliolegea. *Ngo.* "Mchana zege la juu linapata jua linatanuka, mti unagonga. Mmesumbua watu bure."

"Na aliyepiga lipu," mzee aliuliza, "alitokea wapi?"

Mhandisi alielekeza tochi chini, kwenye mguu wa ukuta wa mbele. Palikuwa na kipande kisichopigwa lipu, matofali matupu, ukubwa wa mtu kupita akitambaa. Alitokea pale, kisha akaziba kwa nje.

Bosi alinigeukia. "Uliweka ukuta wa aina gani?"

"Wa lipu pande zote mbili."

Hakunigombeza. Alisema mwenye jengo ataambiwa kwamba hiki ni chumba cha stoo kilichokuwa kinangoja mlango, na kwamba tukitoka hapa hakuna wa kuongea lingine. Wote tukakubali. Lakini mimi nilikuwa naangalia lile shati. Hakuna mtu anayefunga vifungo vyote vya shati analolisahau.

Mzee ndiye aliyelitungua, kwa ncha ya fimbo, akalitia kwenye mfuko. Watu walipopanda juu akanishika mkono, akanipa.

"Lirudishe kwa mwenyewe."

"Simjui, mzee."

"Utamjua. Wewe ndiye uliyechora. Mimi silali na shati la mtu ambaye sijui yuko wapi."

Nilimpigia simu aliyekuwa msimamizi wa saiti. Alimkumbuka fundi huyo upesi. Mtu wa Kondoa, alisema, fundi wa lipu asiye na mfano. Alimaliza ile kazi ya chini akaondoka siku hiyohiyo, mwiko wake akauacha kwenye karai. Sasa yuko Mtera, anakausha samaki. "Fundi kama yule," alisema msimamizi, "anakausha samaki. Sijui kilimpata nini."

Jumamosi nilipanda basi la Iringa na ule mfuko miguuni. Mtera nilielekezwa na watu wawili tu. Kila mtu alikuwa anamjua, lakini kila mmoja alimtaja kama "yule asiye na mlango". Nilielewa nilipofika. Nyumba yake ilikuwa ya matofali ya kuchoma, mita chache kutoka maji ya bwawa, nzuri, pembe zimekaa sawa. Ila pale mlangoni hapakuwa na ubao wala pazia. Palikuwa wazi, na kwa nyuma pakawa wazi vilevile, ukisimama mbele unaona maji.

Alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, kifua kipana, kanzu fupi na kofia. Alikuwa anageuza perege juu ya wavu wa moshi. Nilimwamkia, nikasema nimetoka Dodoma, ofisi ya wachoraji wa lile jengo. Mikono yake ilisimama. Kisha akauona mfuko.

"Ndani ya huo mfuko kuna nini?"

"Shati lako, mzee wangu."

Alirudi nyuma hatua mbili, akanyanyua kiganja. "Liweke mbali. Pale, kwenye jiwe. Nani amelitoa?"

"Tumevunja ukuta."

Alikaa chini. Mkewe alichungulia, akaniletea kigoda na maji ya kunywa, akaondoka bila kuuliza. Mwanaume yule aliongea akiyaangalia maji ya bwawa, hakuniangalia mimi.

"Nilipewa mchoro. Nikasoma. Chumba, kuta tatu, juu rampu. Nikamwuliza msimamizi, mlango uko wapi? Akatazama karatasi, akasema, mlango hakuna, jenga kama ilivyochorwa. Nikamwambia, na hii lipu ya ndani, ya nini, ikiwa hakuna atakayeingia? Akasema imeandikwa pande zote mbili, unabishana na wataalamu? Basi."

"Basi ukapiga."

"Siku tatu. Nilibakiza tundu la kutokea, nikaingia na taa. Dada yangu, nimepiga lipu misikiti, nimepiga makanisa, nimepiga nyumba za wakubwa. Kila chumba ninachopiga najiuliza nani atalala humu. Nikipiga chumba cha watoto najua. Nikipiga jiko najua. Hiki nikajiuliza siku nzima. Chumba kizuri, kimefungwa pande zote, kimepigwa lipu ndani. Ni cha nani? Wenzangu nje wanasikia nikiongea peke yangu, wanacheka. Mmoja akaniambia, majengo makubwa haya huwa yanataka mtu. Hicho ni chumba chako, fundi, kipige vizuri. Nikacheka na mimi."

Akageuza samaki mmoja ambaye hakuhitaji kugeuzwa.

"Siku ya tatu, kabla ya adhuhuri, niko kule mwisho, nimelala kifudifudi, nasawazisha. Nikasikia tofali linakaa. Unajua sauti ya tofali likikalishwa kwenye udongo? Fundi hakosei. Nikasema nani huyo? Kimya. La pili. Nikageuka, lile tundu limebaki kiganja. La tatu likakaa. Na taa yangu ilikuwa imeisha nguvu, ikafa."

"Walikufungia?"

"Mzaha. Walikwenda kula. Udongo ulikuwa mbichi, ningeyasukuma yale matofali kwa mguu yakaanguka, na nikayasukuma, yakaanguka. Lakini nakwambia ukweli, sikuyasukuma mara moja. Nilikaa. Gizani pale nikaona kwamba ndiyo, nimeelewa sasa. Kila kitu kimekaa mahali pake. Chumba hiki kilichorwa na mtu aliyesoma, kikapitishwa, kikapigwa mhuri, na mimi nimekipiga lipu kwa mikono yangu. Kwa nini wachore chumba kisicho na mlango, kama si kwa mtu asiyetakiwa kutoka?"

Upepo ulitoka bwawani ukatuletea moshi. Macho yangu yalikuwa yanatoka machozi, nami nikauachia moshi lawama.

"Nikavua shati," aliendelea. "Nikapigilia msumari, nikalitundika, nikalifunga vifungo vyote, ili lisimame kama mtu. Nikaliambia jengo: wako huyu hapa. Mimi siyo. Mimi Mwislamu, najua nilichofanya si sawa, nimemwomba Mola anisamehe. Lakini nilifanya. Kisha nikasukuma matofali nikatoka, nikaziba mwenyewe kwa nje, vizuri. Tangu siku ile sijalala nyumba yenye mlango uliofungwa. Mke wangu anavumilia. Fisi akija, tunaamka."

Nilikuwa nimekuja na maneno niliyoyapanga kwenye basi. Niliyaacha yote. Nikasema tu:

"Mlango ulikuwepo."

Aligeuka kuniangalia kwa mara ya kwanza.

"Niliuchora mimi. Kilikuwa chumba cha mafagio. Ijumaa moja nikabadilisha mteremko, mlango ukafutika, kompyuta ikaniambia, nikabofya sawa bila kusoma. Na lipu ya pande mbili, kuta zote nilikuwa naweka hivyo, kwa mazoea. Hakuna aliyekusudia kitu. Hapakuwa na mtu yeyote aliyekuwa amekuwaza."

Nilidhani atakasirika. Nilikuwa tayari kwa hasira. Badala yake alikunja uso kama mtu anayejaribu kusikia redio ya mbali.

"Hakuna aliyekuwa ameniwaza," alirudia. "Mafagio."

"Mafagio na ndoo."

"Nionyeshe."

Nilitoa kompyuta nikaiweka kwenye meza ya kuparulia samaki, baada ya mkewe kuipangusa. Usiku uliotangulia nilikuwa nimeurudisha ule mlango kwenye modeli. Nikampeleka chini taratibu, rampu, kona, nguzo mbili. Alipumua kwa nguvu puani, alikuwa anapatambua. Nikafika kwenye ukuta mweupe, na mlango uko pale, wa kijivu, wazi. Nikaingia.

Aliweka mkono mezani. Tulikuwa ndani. Kuta nyeupe, dari likishuka mwishoni, kimya.

"Sasa geuka," alisema. Nikageuza kamera. Mlango ulikuwa wazi, na nje yake maegesho.

"Nitoe."

Nikabonyeza mbele. Tukatoka.

"Rudi ndani." Nikarudi. Alikaa humo muda, akitazama kule mwisho mfupi, midomo ikitembea. "Nitoe tena."

Nikamtoa. Akaniambia nirudi, nikarudi. Sijui tuliingia na kutoka mara ngapi. Mkewe alisimama nyuma yetu na kisu cha samaki mkononi, haelewi, hasogei. Mara zote nilihakikisha napita mlangoni katikati, nisiguse ukingo, maana nilikuwa najua jinsi ilivyo rahisi mle ndani kupenya ukuta, na sikutaka aone kwamba inawezekana. Mwishowe akasema "basi", akasimama akaenda kunawa uso bwawani.

Shati alikataa kulichukua. Alisema lililotolewa kafara limetolewa, hata kama aliyelipokea alikuwa mafagio. Nililiacha pale juu ya jiwe. Mkewe alisema atajua la kufanya.

Bosi nilimweleza Jumatatu. Alinisikiliza akiwa amesimama, kisha akasema nisiende tena kwa mafundi bila kumwambia, na jioni yake nikamkuta peke yake kwenye kompyuta yangu, akifungua modeli za majengo mengine, akitembea chumba kwa chumba. Nilivuta kiti nikakaa karibu yake.

Fremu ya mlango ilipowekwa pale chini, ilihitajika lipu ya pembeni. Nilimpigia simu yule fundi, nikitarajia akatae. Alikuja. Alishuka nusu ya rampu akasimama hapo kwa muda mrefu, mzee mlinzi akampelekea kile kiti cha plastiki, wakakaa wawili wakaongea mambo ya mvua. Mchana alipiga lipu upande wa nje, kwa saa moja, kazi safi. Upande wa ndani hakuugusa. Upande wa ndani aliupiga fundi mwingine, na ukipapasa utaona tofauti. Ile mirunda ilikuwa imekwishatolewa. Saa tisa ilipofika mlinzi aliinua kidole, wote tukanyamaza. Mimi sikusikia kitu. Fundi alikusanya vyombo vyake akasema yeye amesikia, lakini mbali, na haikuwa hodi.

Tangu hapo huwa tunapigiana simu sikukuu zikifika. Ameanza tena ufundi hukohuko Mtera, kazi ndogondogo: choo cha shule, duka, sakafu za watu. Nyumba yake ina pazia sasa, ubao bado. Mara ya mwisho nilipopita nikielekea Iringa alinipeleka kuona jiko alilomjengea jirani yake mjane, jiko la mita mbili kwa tatu. Lilikuwa na milango miwili, mmoja ukiangaliana na mwenzake, upepo unapita katikati na kuzima moto. Nikamwuliza, jiko dogo hivi, milango miwili ya nini? Alipangusa ukingo wa lipu kwa kidole gumba, akasema mwenye jiko hajalalamika.